Mwana, CV Yako Inakuficha

Morogoro, Jumatano jioni

Mwanahawa mpenzi,

Salaam nyingi kama ada. Huku wazima, Mama Rehema anakusalimu na bado anaisubiri ile kanga. Natumaini Tanga nako mko salama na mguu wa baba umepata nafuu. Umenyamaza we, halafu ghafla CV inaingia kwenye simu na maneno matatu tu, "nitazamie kabla sijatuma." Nimeitazama, shoga yangu, na ujumbe wa simu hautatosha. Tenga nusu saa, kaa na kalamu.

Naanza na linaloniuma. Asiyekujua akiisoma CV hii hatajua kwamba unaendesha stoo ya dawa ya hospitali nzima. Ataona mtu "anayehusika na kupokea mali, kutoa mali, kutunza kumbukumbu na kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi." Hayo ni maneno ya barua yako ya ajira. Kila mtunza stoo nchini anayo yaleyale, na anayechambua maombi akishayaona kwa mtu wa kumi hayasomi tena. CV inatakiwa iseme ulichofanya wewe, si ulichoajiriwa kufanya.

Kila mstari wa kazi uupitishe kwenye maswali manne: nilifanya nini, kwa ukubwa gani, kwa kutumia nini, na kikatokea nini. Uliniambia stoo ina aina zipatazo 400 za dawa na vifaa tiba na inahudumia wodi tano pamoja na kliniki ya nje. Mbona halimo hilo? Andika hivi: "Nimesimamia stoo yenye aina zipatazo 400 za dawa na vifaa tiba, inayohudumia wodi tano na kliniki ya nje." Mstari unaofuata: "Nimepokea mzigo kwa kulinganisha hati ya agizo la ununuzi (LPO), hati ya kuletea mzigo na ankara, na kukagua namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda kabla ya kusaini." Mwingine: "Nimeingiza kila mapokezi na kila utoaji kwenye bin kadi (kadi ya kila bidhaa) na leja siku hiyohiyo, na kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi." Unaona? Sijakuongezea cheo wala sifa. Ni kazi yako tu, imetajwa kwa jina lake.

Anza kila mstari na kitendo: nimepokea, nimehakiki, nimesuluhisha, nimepanga. Mistari mitano au sita kwa kazi uliyonayo sasa, mitatu kwa ile ya awali ya kiwandani, basi. Ya zamani zaidi mstari mmoja unatosha. Kazi ya karibuni iwe juu, na kila kazi iwe na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Wewe umeandika "2019–2021" halafu "2022 hadi sasa", na hapo katikati panaweza kuwa mwezi mmoja au mwaka na nusu. Msomaji akikuta pengo lisilo na maelezo hulijaza mwenyewe, na huwa halijazi kwa wema. Kama ulikuwa unamuuguza mama, andika mstari mmoja wa heshima na uendelee. Usivute tarehe ili pengo lizibe. Mwajiri wa zamani hupigiwa simu, na tarehe ndicho kitu cha kwanza anachoulizwa.

Kuhusu usajili wa PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi: umeuficha ukurasa wa tatu, chini ya "mambo mengine", pamoja na kupenda kusoma na kusikiliza muziki! Kwenye ununuzi na ugavi ule usajili ndio unaoruhusu mtu kufanya kazi hii kisheria. Upandishe juu, chini ya jina na anwani, uweke daraja lako na namba. Mapenzi ya muziki yatoe kabisa.

Na ile sentensi ya mwanzo, ya kutafuta taasisi yenye changamoto ili ukuze kipaji chako, iondoe. Weka mistari mitatu: wewe ni nani kitaaluma, una miaka mingapi ya kazi na ya aina gani, na una ujuzi gani ambao tangazo lenyewe la kazi limeutaja. Chukua tangazo, pigia mstari kila sifa wanayoitaka, kisha tafuta ni wapi kwenye CV kila sifa inajibiwa. Sifa unayo lakini haimo, iongeze. Haipo kabisa, usiibuni.

Hapo kuna la mifumo. Umeandika TANePS peke yake, ule mfumo wa zamani wa serikali wa kununua kwa mtandao. Serikali iliachana nayo, na mfumo mpya, NeST, ukashika nafasi yake mwaka 2023, mwaka uleule ilipotungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma badala ya ile ya 2011. CV ya ugavi inayotaja TANePS na sheria ya 2011 tu inamwambia msomaji kwamba mwenzetu amebaki nyuma. Kama umeshagusa NeST, sema umefanya nini humo: kuandaa mpango wa ununuzi, kupandisha zabuni, au kuangalia tu. Kama hujaigusa, acha kuidai, ila isome sheria mpya kabla ya usaili. Vivyo hivyo Excel. "Ninajua kompyuta" haisemi kitu. "Ninatengeneza ripoti ya mwezi ya salio la stoo kwa Excel" inasema.

Sasa nakurudisha kwenye nambari, maana najua utaniambia huna takwimu. Unazo, ziko kwenye bin kadi. Chukua hesabu ya mwisho ya mali: aina ngapi zilihesabiwa, na ngapi zililingana na kadi? Zikiwa 388 kati ya 400, huo ni usahihi wa asilimia 97, na huo ndio mstari ambao mtu wa ugavi akiuona atasimama. Dawa zilizoisha muda nazo: thamani yake igawanye kwa thamani ya dawa zote ulizopokea mwaka huo, zidisha kwa 100. Dawa za milioni 1.6 zilizoharibika kati ya milioni 80 ni asilimia 2. Ukipata ya mwaka uliotangulia, ukaona imeshuka baada ya kupanga rafu ili kinachoisha muda mapema kitoke kwanza, andika zote mbili. Ila hizo nilizotaja ni za mfano, usizibebe. Tumia zako, na ruhusa ya mkuu wako uwe nayo, kwa sababu bei na majina ya wasambazaji ni mali ya hospitali. Asilimia na idadi ya aina zinatosha. Na usiweke nambari usiyoweza kueleza ulivyoipata. Kwenye usaili watakuuliza, na ukibabaika kwenye moja wanatilia shaka zote.

Umbo lake sitalisemea sana. Kurasa mbili, A4, herufi ukubwa wa 11 au 12, safu moja. Yale majedwali na vile vibao vya kuonyesha "Kiingereza nyota nne" viondoe. Ukifungua kwenye simu vinavurugika, na nyota nne hazipimiki. Dini, kabila na hali ya ndoa havina kazi pale. Tarehe ya kuzaliwa iache kwa maombi ya serikali, wanaangalia kikomo cha umri; kwa kampuni binafsi itoe kama hawajaiomba. Barua pepe fungua nyingine yenye jina lako, ile ya "mrembo" waachie kina Kibwana. Hifadhi kama PDF, si Word, maana kompyuta isiyo na herufi ulizotumia inabadilisha mpangilio na kurasa mbili zinakuwa tatu. Faili lipe jina lako na nafasi, si "CV mpya mwisho kabisa 3".

Nilipopasahau ni viambatisho, na hapa ndipo watu wazuri wanapoachwa. Kwa Sekretarieti ya Ajira, wale wanaoshughulikia ajira za serikali, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda. Wanataka cheti chenyewe. Nakala ipigwe mhuri wa wakili kwanza, kisha ndipo uiskani, si kinyume chake. Pale steshenari mwambie aiskani kwa rangi, 200 dpi. Wakitumia nyeusi na nyeupe tupu, mhuri wa bluu unafifia au unapotea, na cheti kinaonekana hakijathibitishwa. Programu ya simu inayoacha alama yake chini ya kila ukurasa usiitumie.

Barua ya maombi iwe na saini yako. Wengi wanaichapa vizuri, wanaipandisha bila saini. Tena anwani: barua za mfano za steshenari bado zina ile ya Dar es Salaam. Sekretarieti iko Dodoma, S.L.P. 2320, Jengo la Utumishi, Chuo Kikuu cha Dodoma, Majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro. Linganisha na tangazo lako kabla hujatuma.

Na majina, Mwana. Kwenye cheti cha kidato cha nne ni Mwanahawa, kwenye diploma wamekuandika Mwana Hawa, mbali mbali, na jina la babu halimo. Linaonekana dogo, lakini siku ya usaili wanalinganisha vyeti na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, na mtu anarudishwa mlangoni. Muone wakili sasa, usingoje uitwe. Mwonyeshe nyaraka zote kwa pamoja akuambie kama kiapo kinatosha au unahitaji deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina.

Wadhamini watatu, na kila mmoja awe na cheo, taasisi, simu inayopatikana na barua pepe. Shangazi hapana. Mmoja lazima awe aliyekusimamia moja kwa moja. Wapigie kabla, uwatumie tangazo na CV, ili wakiulizwa wasianze kukukumbuka kwenye simu.

Na yale mahindi uliyoniuliza zamani jinsi ya kuyahifadhi, kwa ufupi: yakaushe kwanza. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi cha robo na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa dakika moja, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado mabichi. Yakiwa tayari tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa. Kamua hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake, na uweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya wakitoboa wa ndani, mfuko umekufa. Lakini mahindi yanangoja, tangazo halingoji.

Sasa nijibu haya. Mwisho wa kutuma ni lini hasa, na ni saa ngapi? Mhasibu wenu atakupa zile hesabu za mali za miaka miwili, au ana yale mambo yake? NeST umewahi kuingia au hapana? Bado unaongea na yule msimamizi wa kiwandani, na simu yake ni ileile? Cheti cha kidato cha nne unacho mkononi, au kiko kwa kaka yako huko Lugoba? Na ada ya PSPTB ya mwaka huu umelipa?

Nitumie rasimu ya pili hata kama haijakamilika, hasa ile mistari ya stoo.

Wako,
Zuhura