Kasi iliyokuwa ikiishia kwenye ngazi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji wa Chake Chake aliyelalamika kwamba analipia intaneti ya laini ya simu ya waya, ya megabiti 8 kwa sekunde, na anapata moja na nusu, akamalizia kwa kusema kampuni za simu zote ni wezi. Naomba nafasi nimjibu. Siandiki kuzitetea kampuni, maana nami nimeliwa pesa zangu. Naandika kwa sababu mwaka jana nilisema maneno hayo hayo, tena kwa sauti kubwa, dirishani mbele ya foleni nzima ya watu, na mwizi nikaja kumkuta nyumbani kwangu.

Mimi nasomesha Kiswahili kwa wageni. Zamani walikuja wenyewe, tukikaa ukumbini na madaftari na kahawa. Siku hizi wengi nawasomesha kwa video, wao wako kwao nami niko kwangu Mkunazini. Nyumba ni ya marehemu baba, ghorofa mbili juu ya duka, na baba alikuwa mtu wa kupenda simu. Alianza na moja dukani, akavuta ya pili ukumbini, ya tatu chumbani kwake huko juu, na ya nne akampelekea ami yangu aliyekuwa akikaa uani. Walipotangulia mbele ya haki, simu tuliziondoa moja moja, isipokuwa ya ukumbini. Nyaya zikabaki ukutani. Nani atakumbuka waya usiotumika?

Wanaoishi Mji Mkongwe wanazijua kuta zetu, mawe ya matumbawe na chokaa, unene dhiraa nzima na zaidi. Wi-Fi haipenyi humo. Kwa hiyo modemu nikaiweka ninaposomeshea, ghorofa ya pili, nikaichomeka kwenye tundu la simu la chumba cha baba. Nikaona nimemaliza.

Nilikuwa nikimweleza mwanafunzi wangu wa Hamburg tofauti ya "alikuja" na "amekuja" nikagandishwa mdomo wazi. Yeye kwa adabu yake akasubiri dakika nzima akidhani namwachia nafasi ya kujibu. Ikawa kila siku ni hivyo, na zaidi alasiri, friza ya duka la chini inaponguruma.

Nikapiga simu kwenye kampuni yangu mara tatu. Mara ya kwanza, "Mama, zima modemu, uwashe." Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu kijana akaniambia kifurushi changu ni kidogo, nipande cha megabiti 12. Nikapanda. Nikalipa miezi miwili, na kasi ikawa ile ile ya megabiti 1.4 kwa bei ya kasi nisiyoiona. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeniuliza modemu nimeichomeka wapi, wala nyumba yangu ina matundu mangapi ya simu.

Aliyeniuliza ni mzee wa mtaani kwetu. Watu mpaka leo humwita Fundi Simu, ingawa kastaafu zamani. Kazi aliianza kwenye Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Nilikuwa nikilalamika barazani, akanikatiza: "Mwalimu, hebu niambie kwanza, waya unaingilia wapi nyumbani kwako?"

Akaja na bisibisi moja na simu ya mezani ya zamani. Akaichomeka simu, akabonyeza tarakimu moja ili ule mlio wa kawaida ukatike, akanipa mkonga nisikilize. Laini nzima inatakiwa iwe kimya. Yangu ilikuwa ikikaanga samaki. "Hiyo," akasema, "intaneti inaisikia kabla yako."

Tukashuka dukani. Nyuma ya magunia ya mchele likaonekana tundu la kwanza, pale laini inapoingia kutoka nje. Kabla ya kufungua alinionya nisiguse nyaya kwa vidole vitupu. Laini ya simu ina kama volti 50 muda wote, na simu ikilia zinapanda hadi kama 90, utaruka. Ndani mlikuwa na jozi nne za nyaya, moja ya kuingia na tatu za kutoka, zimefinywa pamoja chini ya skrubu zile zile. Shaba imeota kijani. Mji wetu bahari imeukumbatia, na hewa ya chumvi haiulizi ruhusa. Alikuwemo na mjusi, kakauka.

Nitajaribu kueleza alichonieleza, maana nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipo katika nyumba nyingi. Sauti ya mtu kwenye simu inatumia masafa ya chini, hadi kilohezi 4 hivi. Intaneti ya laini inapita kwenye waya huo huo lakini juu yake, kuanzia kama kilohezi 25 hadi 1,100, na aina mpya zaidi hufika 2,200. Waya mbovu unaweza kubeba maongezi vizuri tu, ndiyo maana tunasema "mbona simu inafanya kazi", kumbe huko juu hali ni mbaya. Sasa, ukiwa na tawi la waya lisilo na kitu mwishoni, kama ule wa ami uliokatika chini ya plasta uani, mawimbi yanakwenda mpaka mwisho, yanagonga, yanarudi, na yanagongana na yanayokuja nyuma yake. "Umewahi kuzungumza ndani ya Hamamni?" akaniuliza. Nimewahi, ni yale mabafu ya kale ya hapa mjini, nawapeleka wanafunzi wangu. Chini ya yale makuba neno moja linarudi mara tatu na husikii la pili. "Basi modemu yako inaishi Hamamni."

La pili lilikuwa kwenye ngazi. Waya halisi wa simu nyuzi zake mbili husokotwa pamoja, na kusokotwa kwenyewe ndiyo kinga, kwa sababu kelele za umeme zinaingia sawa kwenye nyuzi zote mbili na zinafutana. Fundi umeme aliyetufungia feni miaka ya nyuma aliukata waya huo, akaunga waya bapa usiosokotwa kutoka chini hadi juu, akaupitisha kwenye mfereji mmoja na nyaya za umeme, ubavuni mwa waya wa friza. Simlaumu sana, kazi ilionekana safi. Ukutani hapakuwa na hata mkunjo.

Mzee akazitoa jozi zote tatu za ndani, akabakisha ya kuingia peke yake, akaisugua mpaka ikang'aa, tukachomeka modemu pale pale juu ya gunia. Nikafungua ukurasa wa modemu kwenye kompyuta. Kule juu nilikuwa nikisoma kasi ya kushusha 1.4, ya kupandisha 0.3, na ile nafasi kati ya mawimbi na kelele ilikuwa desibeli 4, ikishuka na kupanda. Mzee alisema ikipungua chini ya 6 tegemea kukatikakatika. Dukani nikasoma kushusha 7.1, kupandisha 0.8, na nafasi desibeli 11, imetulia. Laini ni ile ile na nguzo ile ile. Hiyo ya kupandisha, wasomaji, ndiyo inayopeleka sura yangu Hamburg, na hakuna tangazo la kifurushi linaloitaja.

Nilirudi kwenye kifurushi cha 8 wiki hiyo hiyo.

Modemu sasa inakaa dukani, kwenye rafu ya juu. Kutoka hapo tumevuta kebo ya kompyuta hadi chumbani kwangu, kama mita 20, tukaipandisha kandokando ya ngazi upande usio na umeme bila kutoboa ukuta. Kebo hiyo inabeba mawasiliano hadi mita 100 bila kupunguza kasi, tofauti kabisa na waya wa simu. Ukumbini tumebakiza simu moja ya mezani, na imewekewa filta, kile kidude kinachotenganisha sauti na intaneti, maana simu isiyo na filta kwenye laini ya intaneti nayo ni mchafuzi. Kutoboa tuliogopa kwa sababu nyumba zetu hizi si za kuchezea drili. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukuta wa chokaa ukishaanza kumwagika hujui utakomea wapi.

Mtoto wa ndugu yangu anaishi Uingereza, nikamsimulia kwa kujivuna kidogo. Akacheka. Kwao, anasema, nyumba nyingi zenye laini ya shaba zina tundu kuu ambalo nusu ya kifuniko chake inafunguka. Ukiiondoa, nyaya zote za ndani zinajikata na linabaki tundu la kupimia lililounganishwa na laini ya nje peke yake. Mwenye nyumba anapima mwenyewe kwa dakika tano. Mpaka hapo ni jukumu la kampuni ya laini, kuanzia hapo ni lako.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa kampuni zetu zinazouza intaneti ya laini ya shaba hapa Unguja na Pemba. Pale laini inapoingia nyumbani, wekeni kisanduku cha namna hiyo. Na vijana wanaopokea simu wafundishwe kuuliza swali la yule mzee kabla ya kuuza kifurushi. Unguja ilifikiwa na waya wa telegrafu wa baharini kutoka Aden mwaka 1879. Ni aibu mimi kushindwa na ngazi ya nyumba yangu.

Na ndugu yangu wa Chake Chake, tafuta tundu la kwanza, ondoa kila kinachotoka hapo, chomeka modemu, uandike namba tatu nilizozitaja, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Zikiwa bado mbovu, basi tatizo liko nje, kwenye nguzo au kwao ofisini. Hapo nenda dirishani na karatasi yako mkononi, na ukali wako nitauunga mkono.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mkunazini, Unguja