Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe cha kahawa, Majengo, Dodoma

Wajukuu zangu,

Ubishi wenu wa juzi kuhusu polisi wa Marekani niliusikiliza mpaka kahawa ikanipolea mkononi. Mmoja, kwa picha aliyotumiwa kwenye simu, anaapa kwamba wanaua watu elfu moja wasio na silaha kila mwaka. Mwingine anacheka: hawafiki hata mia, yote propaganda. Kila mtu na simu yake, kila simu na namba yake. Nilinyamaza, maana mzee akidakia ubishi wa vijana huambiwa kaanza hotuba.

Hiyo elfu moja ipo. Gazeti la Washington Post lilianza mwaka 2015 kuorodhesha kila aliyepigwa risasi na polisi akafa, na kila mwaka idadi ilikaribia elfu au kuipita. Lakini hao ni wote kwa jumla, na wengi walikuwa na bunduki au kisu. Wasio na silaha ni sehemu ndogo. Aliyewatumia ile picha kachukua jumla, akaibandika jina la sehemu.

Wewe uliyecheka, usishangilie bado. Orodha ile ni ya risasi tu. George Floyd, aliyekandamizwa shingoni kwa goti Minneapolis mwaka 2020 mpaka akakata roho, hayumo. Na hapa jirani, Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari, aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012, kwa bomu la machozi. Askari alifungwa miaka 15 kwa kifo hicho. Jedwali la waliopigwa risasi lingemweka wapi?

Safu ya silaha kwenye orodha kama hizo, yaani aliyeuawa alikuwa nayo au hakuwa nayo, ndiyo inayonikera zaidi. Philando Castile aliuawa Minnesota mwaka 2016 akiwa na bastola anayoimiliki kihalali, tena alimwambia askari mapema kwamba anayo. Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, aliuawa Cleveland mwaka 2014 akiwa na bastola ya kuchezea. Mpeni karani safu mbili tu, ana silaha au hana, halafu mwambieni awaandike hao wawili. Upande wa pili nao una yake: asiye na silaha anaweza kuwa aling'ang'ania bunduki ya askari. Namba haisemi.

Halafu nani anahesabu? Kule kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, na kupeleka taarifa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, ni hiari yao. Mwaka 2021 watafiti walichapisha katika jarida la The Lancet kwamba zaidi ya nusu ya vifo vilivyosababishwa na polisi kati ya 1980 na 2018 havikuonekana hivyo kwenye takwimu za serikali za vifo. Cheti kinataja jeraha, polisi hatajwi.

Kati yenu wapo waliokuwa makarani wa sensa 2022. Mliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Aliyelala Singida mkamwacha ahesabiwe huko. Mbona ukali ule mmeuacha kwenye vishikwambi?

La weupe na weusi nalo msilirukie. Weupe waliouawa ni wengi kwa idadi, lakini weusi ni kama asilimia 13 tu ya Wamarekani, na ukigawa kwa idadi ya watu, wanauawa zaidi ya mara mbili ya weupe. Anayetaja idadi bila kugawa anawachezea.

Jumamosi nitakuwepo baada ya alasiri. Mwenye ile picha aje nayo, atuonyeshe imetoka wapi, ya mwaka gani, na nani kaachwa nje. Kahawa nalipa mimi, kashata mjilipie.

Babu yenu