Kwa mpwa wangu unayekusanya majina ya mitaa

Mpwa wangu,

Umeuliza uanzie wapi. Anza na sauti, hadithi ije baadaye. Hadithi nyingi za majina zilitungwa baada ya watu kusahau maana, tena zimetungwa tamu.

Chukua Kariakoo. Litamke polepole: ka-ri-a-koo. Hii ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kambi ya wapagazi ikawa pale. Sasa sikiliza: Mwingereza wa kule kwao haitamki r ya mwisho ya Carrier, na p na s za Corps hazisikiki kabisa. Kinachobaki ni "ko" yenye o ndefu, ndiyo ile oo yetu. Jina lingechukuliwa kwenye karatasi, leo tungekuwa na kitu kama "Karierikopsi". Lilipokewa kwa sikio, na waliolipokea walisikia barabara! Nairobi nako wanayo Kariokor, asili ni hiyohiyo.

Lakini jina la Nairobi lenyewe usilitafutie maana kwenye Kiswahili, utapotea. Ni la Kimaasai, linatokana na maji baridi. Kwa hiyo kabla ya kulikata jina, uliza nani walikaa pale kwanza na walisema lugha gani. Likiwa letu, mara nyingi -ni ya mwisho itakufungulia mlango: Mikocheni ni penye mikoche, miti ya jamii ya minazi. Hapo tafuta kama mikoche ilikuwepo kweli.

Ramani za Wajerumani zitakusaidia, ila zisome kwa sauti za Kijerumani. Muansa si tamko jingine la Mwanza: s yao ikitangulia irabu husomeka z. Udschidschi ni Ujiji, Aruscha ni Arusha. Wengi hudhani jina lilibadilika, kumbe ni tahajia tu.

Ukikaa na wazee, waache wataje jina ndani ya mazungumzo yao, ulirekodi hivyo. Swali la maana liwe la mwisho. Ukilitanguliza, mzee atakutafutia jibu hata kama hana, kwa kukuheshimu mgeni wake, na kuanzia hapo atalitamka jina kwa kulifuatisha jibu lake. Ukipewa maana mbili, andika zote mbili, na kando yake uandike msemaji ni wa umri gani na alihamia pale lini.