Mionzi na sindano za kinga zinamtaka aliyewahi

Mhariri, salaam kutoka Nachingwea huku Lindi. Juzi kijana wangu kanionyesha kwenye simu habari za tiba ya kansa ya koo la chakula, eti unapigwa mionzi halafu unachomwa sindano za kuamsha kinga ya mwili, na kijiweni watu washaanza kutangaza kansa imepata dawa. Naomba nafasi kidogo maana mimi ugonjwa huu umeingia nyumbani kwangu.

Ilivyo ni kwamba kansa ina ujanja wa kuikanyagia breki kinga yako isiiguse. Dawa kama nivolumab inaitoa hiyo breki, na mionzi nayo ikibomoa seli inaisaidia kinga kumjua adui sura. Ila utafiti mkubwa wa dawa hiyo uliotoka 2021, wagonjwa 794, wote walikuwa washapita kwenye mionzi na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za kansa, wakapasuliwa kabisa ndo wakaanzishiwa sindano. Nusu ya waliochomwa nivolumab walivuka miezi 22 bila ugonjwa kurudi, wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu, miezi 11. Si kidogo! Lakini hao ni watu waliofika hospitali bado wanapasulika.

Mjomba wangu je? Alianza kukwamwa na ugali, anashushia na maji. Kituo kimoja wakampa vidonge vya vidonda vya tumbo bila kipimo, mtaani wakasema karogwa, mwenyewe akasema ngoja korosho ziuzwe ndo niende Dar. Mwisho tukaziuza kangomba, yaani kwa walanguzi wa mtaani, kwa bei ya kutupa, tunafika Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, hata uji haushuki. Upasuaji wakasema hapana, umeshasambaa. Akapigwa mionzi ya kumfungulia njia tu, na kweli alimeza, akaomba samaki wa nazi akala mpaka akacheka. Hakumaliza mwaka.

Kwa hiyo mhariri mkiandika tena tiba hizi, hiyo ya ugali kukwama iwekeni kwa maandishi makubwa kama ya Simba na Yanga, mtu akikwama wiki mbili tatu adai kipimo cha kamera ya kooni asikubali kurudishwa na vidonge. Na wabunge wetu wa Kusini waulizie mashine ya mionzi huku kwetu, maana mionzi unapigwa siku tano kwa wiki na wiki zenyewe ni kadhaa, sasa mkulima wa Nachingwea muda wote huo Dar atalala kwa nani?

Mpwa wa marehemu,
Nachingwea, Lindi