Wahadhiri, tupeni faili, si kopi ya kopi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wahadhiri wa vyuo vikuu, hasa wale wenye mazoea ya kuacha notsi steshenari.

Mimi nina steshenari yangu Isevya, Tabora mjini. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua, nabaindi. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi: wanaosoma hapa, na watoto wa hapa wanaosoma Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam wanaporudi likizo na mafurushi yao ya karatasi. Nawataja wote makusudi, asije mkuu wa chuo fulani akadhani namsema yeye.

Kwa asiyejua, utaratibu ni huu. Mhadhiri ana slaidi zake kwenye kompyuta. Anaprinti nakala moja, slaidi sita ukurasa mmoja ili kubana karatasi, anamkabidhi kiongozi wa darasa, naye anaileta kwangu. Inakaa kwenye droo, kila anayekuja anatolewa yake. Muhula ukipita, ile nakala ya kwanza hujui imekwenda wapi, tunaanza kutoa kopi kwenye kopi. Mwenye macho mazima ananung'unika kidogo, anasoma hivyo hivyo.

Halafu anakuja binti mmoja mwenye ualbino, ana uoni hafifu. "Shikamoo anko, naomba unikuzie." Namkuzia kutoka A4 kwenda A3, asilimia 141, na mashine yangu haina karatasi kubwa kuliko hiyo. Sasa piga hesabu: herufi ya slaidi iliyobanwa hivyo ina kimo cha kama milimita moja, nikishaikuza inakuwa milimita moja na nusu, haifiki. Na si herufi peke yake inayokua. Doa linakua, ukungu wa wino unakua, mstari uliokatika unazidi kuachana. Grafu iliyokuwa na nyekundu na kijani kwa mhadhiri, kwangu imeshakuwa kijivu na kijivu. Binti analeta karatasi puani, anageuza kichwa upande, anaisogeza karatasi yenyewe pole pole kutoka kulia kwenda kushoto kwa sababu macho yake hayatulii. Kisha ananiuliza: "Anko, hii ni tatu au nane?" Navaa miwani yangu. Na mimi sijui.

Kopi ya A4 kwangu ni shilingi 100, ya A3 ni 300. Somo lile lile, muhula ule ule, yeye analipa mara tatu ya mwenzake na bado hasomi vizuri. Lile fungu la vitabu na viandikwa kwenye mkopo wake linaishia kwangu. Simfanyii bure, nisijisifu hapa. Kodi ya fremu hainisubiri.

Na yote haya hayana sababu, maana slaidi hizo zilianza kama faili. Mhadhiri angelituma kwa barua pepe, mimi ningeweka herufi za ukubwa wa 20 au 24, nyeusi iliyokoza, nikaprinti kwenye A4 ya kawaida. Ni kazi ya dakika chache. Karatasi zingekuwa nyingi, sawa, lakini zingesomeka. Kwa mwanafunzi asiyeona kabisa, hata karatasi yangu haina kazi: simu nyingi za Android zina TalkBack, inamsomea maandishi kwa sauti. Ila imsomee maandishi. Ukimpigia picha notsi ukamtumia WhatsApp, au ukaskani kitabu kikawa PDF ya picha tupu, anaweza kukaa nayo mwaka mzima isimsomee kitu cha maana. Wapo wanaodhani wamemsaidia mtu kwa kumtumia picha hizo.

Nimewahi kumuuliza mhadhiri mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kwa nini hatoi faili. Akasema litasambaa, na kuna haki miliki. Nikamjibu kwa heshima kwamba notsi zake ziko kwenye droo yangu na anayetaka anapewa kwa shilingi 100 ukurasa, kusambaa zimeshasambaa. Kuhusu vitabu vya watu, upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu maandishi kugeuzwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu, bila kwanza kwenda kumwomba ruhusa mwenye haki. Kama mchapaji wa Isevya anaujua, wakutubi wa vyuo wanaujua zaidi.

Jambo la pili linahusu barua. Kwenye kompyuta yangu kuna barua ya yule binti ya kuomba muda wa ziada kwenye mtihani. Kila muhula anakuja tunaifungua, tunabadilisha jina la mhadhiri na namba ya somo, tunaprinti, inayofuata. Masomo sita, barua sita. Kila moja inaambatanishwa na kopi ya fomu ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ile ile aliyoombea mkopo, na muhuri wake sasa umefifia hata hausomeki. Baadhi ya wahadhiri wanakubali. Mwingine alimwambia "tutaona siku yenyewe", na siku yenyewe msimamizi wa chumba hakuwa na habari.

Jambo hili linanishangaza kwa sababu alikotoka hakuomba. Baraza la Mitihani lina utaratibu unaojulikana nchi nzima: mtahiniwa wa namna yake anaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na karatasi yake inakuja kwa maandishi makubwa. Mtoto wa darasa la saba anapata hilo bila kumpigia mtu magoti. Akifika chuo kikuu, mahali penye maprofesa, anaanza upya kujieleza mlango kwa mlango. Wakati Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010! Na huu mji wetu si mgeni wa mambo haya, shule ya viziwi ilifunguliwa hapa Tabora mwaka 1963, na watoto wasioona wanasoma shule ya Furaha.

Chuo kimwandikie mwanafunzi barua moja, akiwa mwaka wa kwanza, iseme anahitaji nini: muda kiasi gani, herufi ukubwa gani, faili kabla ya kipindi. Kisha ofisi yenyewe iipeleke kwa wahadhiri wake wote na kwa wasimamizi wa mitihani kila muhula, si yeye atembee na bahasha. Anayekataa aulizwe na ofisi.

Najua nitapoteza biashara ya A3. Hilo lisiwasumbue, trei yenyewe inakwama karatasi kila mara na fundi wake yuko Mwanza.

Mwenye steshenari,
Isevya, Tabora