Kwa nini hatuchapi kadi yako siku hiyohiyo

Wateja wetu wengi wa kadi za harusi huuliza kwa nini hatuanzi kuchapa siku hiyohiyo wanayoleta oda. Sababu kubwa ni ritifaa, kile kialama kidogo kinachokaa juu baada ya g kwenye ng’.

Hapa Tabora hatuikwepi. Kuna kata ya Ng’ambo, na kuna majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yanayotujia kila mara. Ukiiondoa, msomaji atatamka ng ya ngoma. Ukiiweka vibaya, jina linakatika vipande viwili.

Mke wangu ndiye mchora herufi. Fonti nyingi tunazozipata huacha pengo baada ya g, kwa hiyo huifungua fonti kwenye kompyuta, akaisogeza ritifaa, kisha a inayofuata, mpaka Ng’ambo isomeke kwa pumzi moja.

Mimi ni wa mashine. Ile yetu ya kukanyaga kwa mguu hutumia herufi za madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, na kila herufi imesimama juu ya kipande chake. Vipande vikishagusana, basi, havisogei tena. Hapo tunashika tupa na kupunguza ubavu wa kile chenye ritifaa, kidogo kidogo, huku tukijaribisha kwenye karatasi. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa alama isiyozidi punje ya mtama, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Tulijifunza kwa hasara. Kadi 100 za binti mmoja zilitoka jina la mahali pa sherehe likiwa limekatwa: Ng’ mwisho wa mstari, ambo mstari wa chini. Kompyuta ilikata, nasi hatukuona. Tulizirudia zote kwa gharama yetu, kwa karatasi ileile nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na mama wa bibi harusi akazipokea usiku wa kuamkia kikao cha kamati.

Kwa hiyo majina tutumie kwa ujumbe wa maandishi, si kwa picha ya kadi ya mtu mwingine. Ukiweza, yaandike pia kwa mkono kwa herufi kubwa, uyapige picha. Kesho yake njoo uone sampuli, uishike, uisome kwa sauti mbele yetu. Ukishasaini nyuma yake, naanza kukanyaga mashine.