Barua kwa Bibi kutoka Baab Zuweila

Kairo

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, nakubusu mikono. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi imetukamata na ile sweta uliyonifumia siivui hata nikilala.

Juzi uliniuliza jambo, simu ikakatika kabla sijajibu: hao masultani wa Misri ninaowasoma, Waislamu kwa Waislamu, walikuwa wakiuana kwa ajili ya nini? Jibu lake si la simu, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie. Najua Ami ndiye atakayekusomea. Mwambie asiruke mahali.

Chumba tulichopanga kiko Darb al-Ahmar. Kila asubuhi nikienda darasani napita chini ya Baab Zuweila, lango la mji wa kale lililojengwa mwaka 1092. Ni buruji mbili za mawe zilizotuna kama mitungi, na juu yake imesimama minara miwili ya msikiti wa jirani. Chini yake vijana wa mikate wanapita na baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika chanja la mikate kichwani. Kwenye lango hili hili ndipo walipokuwa wakitundikwa walioshindwa.

Nianze na jina lao, Mamluki. Sisi tukisema mamluki tunakusudia askari wa kukodiwa. Hawa wa Misri hawakukodiwa, Bibi, walinunuliwa. Mamluki ni aliyemilikiwa. Walikuwa watoto wa Kituruki kutoka nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Waliuzwa wadogo, wakasilimishwa, wakafunzwa farasi, upinde na mkuki mpaka ikawa shida kumpata wa kusimama mbele yao. Sultan al-Salih Ayyub, wa ukoo wa Salahuddin, aliwanunua kwa wingi akawapa kambi katika kisiwa cha Roda, katikati ya Nile. Wenyeji huuita mto huo bahr, nao wakaitwa Bahri. Jamaa zake Sultan walikuwa wakimgombea kiti. Hawa hawakuwa na mtu duniani ila yeye, kwa hivyo aliwaamini wao.

Basi Sultan akafa, Novemba 1249, akiwa kambini Mansura, na Louis wa 9, mfalme wa Ufaransa, ameshaiteka bandari ya Dimyat na anakuja juu. Hapo ndipo anapoingia mwanamke ninayetaka umjue: Shajar al-Durr, yaani Mti wa Lulu. Naye alikuwa mjakazi wa kununuliwa, akamzalia Sultan mtoto, kisha akawa mkewe. Alijua askari wakipata habari watatawanyika, akaificha maiti. Ikapelekwa kwa mashua usiku hadi Roda. Chakula cha Sultan kikaendelea kuingia hemani, amri zikaendelea kutoka na alama yake, na aliyeuliza akaambiwa Sultan hajiwezi. Hivyo hivyo karibu miezi mitatu, mpaka Turanshah, mwana wa Sultan, alipowasili kutoka mbali.

Niliposoma habari hii nilikukumbuka wewe, siku aliyofariki Babu alfajiri na Ami ana karatasi ya mwisho ya mtihani. Ulimpikia uji, ukamwambia Babu bado amelala, ukamsindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa mdogo, lakini niliuona mkono wako ulivyolikamata komeo.

Wafaransa walishindwa, na Aprili 1250 mfalme wao akatekwa, akafungwa katika nyumba ya Ibn Luqman pale Mansura. Turanshah naye badala ya kuwashukuru waliomwokolea nchi akaanza kuwapa watu wake vyeo vyao, na kumdai mama wa kambo mali ya babake. Mwezi wa Mei Bahri wakamuua, wakamkalisha Shajar al-Durr kitini.

Alitawala siku 80 hivi. Khutba ya Ijumaa ilisomwa kwa jina lake na sarafu zikapigwa kwa jina lake, nalo lilikuwa Mama Khalil, kwa mwanawe aliyekufa mdogo. Kama nyinyi mnavyoitana huko mtaani. Khalifa wa Baghdad alikataa. Inasimuliwa aliandika kwamba kama Misri imeishiwa wanaume wamwambie, atawapelekea mmoja. Ikabidi aolewe na amiri mmoja wa Mamluki, Aybak, amwachie usultani. Mwaka 1257 Aybak alitaka kuoa binti wa mtawala wa Mosul, mkewe akaamuru auawe, akauawa hamamuni. Siku chache baadaye na yeye akauawa. Wanasema wajakazi wa mke wa kwanza wa Aybak walimpiga kwa mitalawanda, vile viatu vya mti ulivyokuwa ukivaa kwendea chooni, hata akafa.

Nimelizuru kaburi lake, mtaa wa al-Khalifa. Alilijenga mwenyewe akiwa hai. Ndani ya mihrabu kuna mti uliotengenezwa kwa vipande vya kioo na dhahabu, na matunda yake ni vipande vya kombe la chaza. Taa ikipita, matunda yanawaka moja moja. Nilikaa pale mpaka mlinzi akanikohoa.

Sasa swali lako. Mamluki alikuja hana baba wala ukoo, na mwanawe akizaliwa huzaliwa huru, si mamluki tena, hata hao wenzake babake hawamhesabu kama wao. Walijaribu kuwarithisha watoto, lakini kiti kilimkubali yule mwenye maamiri wengi nyuma yake. Na mara nyingi njia ya kumwondoa aliyekikalia ilikuwa kumuua.

Tazama yaliyompata Sultan Qutuz, mamluki naye. Wamongoli waliiangamiza Baghdad mwaka 1258, wakamuua khalifa. Miaka miwili baadaye wakatuma wajumbe Kairo: jisalimisheni. Qutuz akawaua, vichwa vyao vikatundikwa Baab Zuweila, akatoka na jeshi. Tarehe 25 Ramadhani, Septemba 1260, akawashinda Ain Jalut, huko Palestina. Kairo ikapambwa kumpokea. Njiani amiri mmoja akamwomba ombi, Sultan akakubali, yule akaushika mkono wake kuubusu, hakuuachia. Wenzake wakampiga panga. Baybars alikuwa mmoja wao, na ni yeye aliyeingia katika mji uliopambiwa mwingine. Alitawala miaka 17 na walimu wangu wanamsifu: alijenga, alipanga posta ya farasi, alimleta Kairo khalifa wa ukoo wa Abbasi. Mimi kila nikifika kwenye ule mkono uliobusiwa moyo unakataa.

Mwisho wao unatugusa na sisi. Yule Almeida, Mreno aliyeichoma Mombasa mwaka 1505 baada ya kuiteka Kilwa, ndiye aliyezivunja merikebu za al-Ghawri, Sultan wa Mamluki, huko Diu, Bara Hindi, Februari 1509. Mamluki waliishi kwa ushuru wa pilipili na bizari zilizopita Bahari ya Shamu, na Mreno alikuwa akizichukua kwa njia ya kuzunguka. Hazina ikapungua. Kisha Waothmani, Waturuki wa Istanbul, wakaja na mizinga. Agosti 1516, Marj Dabiq, karibu na mji wa Halab huko Syria, gavana wa Halab akamwacha al-Ghawri katikati ya vita. Mzee akafa palepale, na mwili wake haukuonekana.

Kairo wakamweka Tuman Bay. Alipigana Januari, akashindwa, akapigana tena vichochoroni humu ninamopita, mwishowe akasalitiwa. Aprili 1517 Selim, Sultan wa Waothmani, akamtundika Baab Zuweila. Ibn Iyas, aliyeishi Kairo siku hizo, ameandika kwamba Tuman Bay aliwageukia watu akawaomba wamsomee Fatiha, na kwamba kamba ilikatika mara mbili.

Al-Ghawri alikuwa amejijengea kaburi zuri sana, mwendo mfupi kutoka lango. Mwenyewe hakuzikwa humo, wakamzika hapo Tuman Bay. Liko njiani kwenda darasani. Nikifika hapo humsomea Fatiha, kwa kuwa aliiomba, nikimaliza humsomea Babu.

Nisalimie wote nyumbani. Dawa ya pumu ya mama mkubwa nimeipata, kuna mwenzetu anarudi Mombasa mwezi ujao atakuja nayo.

Mjukuu wako